Simu Iliyopewa Namba ya Nyingine

Makala haya nayaandika kwa ajili ya wanachuo wanaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na hasa wale watakaosimama mbele ya watoto wa Darasa la Tano na la Sita kuwafundisha habari za simu na kompyuta. Kusudi langu la kwanza lilikuwa kuandika juu ya zana za kufundishia TEHAMA katika shule zisizo na umeme wa uhakika. Mhariri anisamehe. Kila nilipoanza kuandika habari za zana, nilijikuta nikiirudia simu moja iliyofungwa katika leso, ambayo mwanachuo mmoja aliiweka juu ya meza yangu jioni moja ya mwaka 2023 akasema, "Shikamoo mwalimu. Nimeiua."

Mwanachuo huyo nitamwita Juma. Si jina lake, naye amenipa ruhusa ya kuyaeleza haya baada ya kuyasoma. Lakini kabla ya kumfikia Juma sina budi kuanza na nafsi yangu, maana jambo lililomponza lilitoka kinywani mwangu, ndani ya kipindi nilichokuwa nimekiandalia vizuri.

Mwaka 2016 nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya msingi ya kijijini. Nilikuwa na simujanja niliyoinunua mnadani, kwa mtu ambaye sikumwuliza jina. Mwaka huo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwatangazia wananchi kwamba simu bandia zingezimwa. Kila mwenye simu alihimizwa kubonyeza *#06#, ainakili namba tambulishi yenye tarakimu 15 inayotokea kiooni, aitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, kisha asubiri jibu. Niliituma yangu. Jibu lililokuja lilitaja aina nyingine kabisa ya simu, si ile niliyokuwa nimeishika. Nililisoma, nikalifuta, nikajifanya sikulisoma. Tarehe 16 Juni 2016, saa sita usiku, simu bandia zilizimwa nchini kote. Asubuhi yake ya kwangu ilikuwa inafaa kwa tochi na saa tu.

Nilipanda basi kwenda mjini kwa fundi. Fundi aliitazama simu, akaiunga na kompyuta yake ndogo kwa waya, akaniuliza kama nina haraka. Baada ya robo saa ikawaka ikiwa na mtandao. "Nimeipa namba nyingine, mwalimu wangu," akasema. Nikalipa shilingi elfu kumi, nikarudi kijijini nikiwa na furaha ya mtu aliyeruka ukuta bila kuchanika suruali.

Furaha hiyo ilidumu miezi kumi au kumi na mmoja. Mwaka 2017, siku ya kazi, simu ilikatika tena. Nikamrudia fundi. Alinipokea kwa ukarimu ule ule, akanieleza bila aibu kwamba namba ile aliinakili kwenye boksi la simu halisi ya mteja mwingine, na kwamba mimi sikuwa wa kwanza kupewa. "Labda mwenyewe kaibiwa, akaripoti, wakaifungia," akasema. "Lete nikupe nyingine." Nilikataa. Ningependa kuandika kwamba nilikataa kwa uadilifu, lakini ukweli ni kwamba sikuwa na elfu kumi nyingine.

Miaka ikapita. Nikapata stashahada ya elimu, nikawa mkufunzi, nikapewa kufundisha TEHAMA na mbinu za kufundishia Hisabati. Siku moja nikaona fursa nzuri ya kuyaunganisha masomo hayo mawili kwa kuitumia ile namba ya tarakimu 15. Bado naamini lilikuwa somo zuri, na mwanachuo yeyote anaweza kulichukua kama lilivyo.

Namba hiyo, ambayo kwa kifupi cha kimataifa huitwa IMEI, ina sehemu tatu. Tarakimu 8 za mwanzo hueleza aina na toleo la simu. Tarakimu 6 zinazofuata ni namba ya simu hiyo moja miongoni mwa ndugu zake waliotoka kiwandani. Tarakimu ya mwisho, ya 15, haielezi chochote juu ya simu: kazi yake ni kuzikagua nyingine 14. Kanuni ya ukaguzi huo ilibuniwa na Hans Peter Luhn, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, naye alipewa hataza yake mwaka 1960. Kanuni hiyo hiyo hukagua namba za kadi za benki.

Niliandika ubaoni namba inayotumiwa katika maelezo mengi ya jambo hili: 49015420323751, nikaacha nafasi moja mwishoni. Nikawaambia wanachuo waongeze mara mbili kila tarakimu ya pili, yaani ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea hadi ya kumi na nne. Jibu likizidi 9, tarakimu zake mbili zijumlishwe: 9 mara mbili ni 18, nayo 1 na 8 ni 9, 7 mara mbili ni 14, nayo 1 na 4 ni 5. Kisha wajumlishe zote, zile zilizobadilika pamoja na zile zilizoachwa. Jumla ikawa 52. Ili kufikia kumi kamili inayofuata, yaani 60, inahitajika 8. Basi tarakimu ya 15 ni 8. Wakatoa simu zao mifukoni, wakabonyeza *#06#, wakakokotoa kila mtu yake, na darasa likajaa minong'ono ya watu waliogundua kwamba kitu walichokibeba kila siku kina hesabu ndani yake. Binti mmoja alikosea mara mbili, na mara ya tatu akapiga meza kwa furaha.

Nikawaonyesha pia kwamba mtu akikosea kunakili tarakimu moja yoyote, jumla hukataa. Akigeuza tarakimu mbili zilizo jirani, aghalabu hukataa pia, isipokuwa 0 na 9 zikibadilishana nafasi. Hapo ndipo nilipopaswa kuongeza sentensi ambayo sikuiongeza: kwamba tarakimu hii hukamata kosa la mkono tu. Mwongo anayeijua kanuni huikokotoa kama sisi tulivyoikokotoa, na namba yake ya uongo hupita bila kikwazo.

Mwanachuo aliyekaa safu ya nyuma akainua mkono. "Mwalimu, namba hii yaweza kubadilishwa?"

Katika andalio langu la somo nilikuwa nimeliona swali hilo mapema, na jibu lake nilikwisha liandika: Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kubadilisha namba tambulishi ya simu, na ni kosa la jinai. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. Badala ya kulisoma, niliwasimulia habari ya fundi. Niliisimulia vizuri mno. Nilimwigiza fundi, nikaiigiza safari ya basi, nikaigiza nilivyokuwa nikiitumia simu mbovu kama tochi. Darasa likacheka, nami nikakipenda kicheko chao. Nikaishia pale simu ilipowaka. Habari ya mwaka 2017 sikuigusa, kwa sababu isingechekesha.

Wanachuo wenzangu, kwani nami bado najifunza kazi hii, tunafundishwa kuandika malengo ya somo, hatua za somo na tathmini. Hatufundishwi kuandika mzaha. Nao mzaha ndio uliokwenda na wanafunzi bwenini usiku ule.

Miezi mitatu baadaye Juma alipangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule iliyo mbali na barabara kuu. Kwa nauli na viatu alikuwa amekopa shilingi elfu themanini kwa programu moja ya mikopo ya simuni. Wengi wenu mnazijua programu hizo. Hukopesha kwa dakika tano na kudai kwa wiki mbili, na mkopaji akichelewa, jamaa zake wote walio katika orodha ya simu hupelekewa ujumbe wa kumwaibisha. (Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu za namna hiyo zisizo na leseni na kuzipiga marufuku, lakini mwaka 2023 bado zilikuwa zikivuna.) Juma alichelewa. Programu ikakataa kumkopesha tena. Yeye akafikiri hivi: programu inaitambua simu yangu, basi nikiibadilisha simu nitakuwa mgeni, nitakopa upya, nitalipa lile la kwanza. Akakumbuka kwamba mkufunzi wake aliwahi kubadilisha namba na simu ikawaka.

Katika mazoezi ya kufundisha hakuna fundi wala basi la kila siku. Juma aliamua kuifanya kazi mwenyewe, usiku, kwa kufuata maelekezo aliyoyapata na kompyuta aliyoazima. Naeleza alichokifanya kwa mapana tu, kwa sababu lengo langu ni kuonyesha palipoharibika, si kufundisha namna ya kuharibu.

Simu za Android zina mfumo endeshi uliojengwa juu ya Linux. Humo kila programu hupewa chumba chake na haina ruhusa ya kuingia chumba cha jirani: programu ya picha haifungui barua za programu ya benki. Ni kama shule ambayo kila mwalimu ana ufunguo wa darasa lake tu. Yupo hata hivyo mtumiaji mkuu mwenye shada zima la funguo, aitwaye ruti, yaani mzizi. Kiwandani shada hilo hufichwa, hata mwenye simu hapewi. Kulitoa mafichoni ndiko mafundi wanakokuita kuruti simu.

Juma alianza kwa kuifungua programu inayoiamsha simu wakati wa kuwashwa, maana kwa kawaida hiyo haikubali mfumo uliobadilishwa. Simu nyingi, zikifunguliwa hivyo, hufuta kila kitu kilichomo. Zimefanywa hivyo makusudi, ili mwizi asiweze kuifungua simu na kuvisoma vya mwenyewe. Maonyo yalitokea kiooni kwa Kiingereza, naye akayapitisha. Yakafutika maandalio yake ya wiki tatu pamoja na picha za kazi za wanafunzi alizokusudia kuziambatisha katika ripoti yake. Hilo lilikuwa usiku wa kwanza.

Usiku wa pili alifanikiwa kupata shada la funguo. Asubuhi yake programu ya benki ilikataa kufunguka, ikamwandikia kwamba simu hii si salama. Wengi hudhani benki huwa zinaonea watu. Fikirini tena mfano wa shule: mhasibu anayejua kwamba funguo zote za ofisi zipo mikononi mwa yeyote atakayeziomba, ataacha fedha mezani? Katika simu iliyofanyiwa ruti, programu moja mbaya ikipewa ruhusa mara moja inaweza kusoma vyumba vyote. Na Juma alikuwa ameingiza programu tatu za watu asiowajua. Fedha yake ya kujikimu ilikuwa katika benki ile.

Usiku wa tatu alibadilisha kitambulisho ambacho mfumo wa Android huwapa watengenezaji wa programu. Hapa nataka msomaji asimame kidogo, kwa sababu watu huchanganya vitambulisho kana kwamba ni kimoja. Ipo ile namba ya tarakimu 15 inayojulikana na mtandao wa simu. Ipo anwani ya waifai, ambayo ni ya kifaa cha kunasia waifai na ina herufi na tarakimu 12. Kipo kitambulisho cha Android, ambacho tangu toleo la 8 la mwaka 2017 hutofautiana kwa kila mtengenezaji wa programu, kiasi kwamba programu mbili za watengenezaji tofauti haziwezi kulinganisha walichokiona. Ipo namba ya matangazo, ambayo mwenye simu anaweza kuibadilisha au kuifuta mwenyewe katika mipangilio, bila fundi na bila kosa. Kila kimoja kina kazi yake na msomaji wake. Mwenye kukibadilisha kimoja kwa nguvu huvikuta vingine vikimngoja mlangoni.

Ndivyo ilivyokuwa. Programu ya mikopo ilifunguka kweli kama kwa mgeni, na Juma aliniambia kwamba alicheka peke yake gizani. Ikamkaribisha, ikamwomba namba ya simu, akaiandika. Ikamwomba namba ya kitambulisho cha Taifa, akaiandika. Kisha ikamsalimu kwa jina lake na kumwonyesha deni lake pamoja na adhabu ya kuchelewa. Deni halikuwa limeandikwa katika simu. Liliandikwa kwa jina lake, na laini yake, kama laini zetu sote zilizosajiliwa kwa alama za vidole katika zoezi lililoanza mwaka 2019, ilimjua kuliko simu ilivyomjua.

Mtu mwingine angeacha hapo. Juma alidhani kilichobaki ni ile namba ya tarakimu 15, namba ya mkufunzi. Inauma kueleza kwamba hata hilo alikuwa amekosea. Simu yake ilikuwa na toleo la 11 la Android, na tangu toleo la 10, lililotoka mwaka 2019, programu za kawaida haziruhusiwi tena kuisoma namba hiyo. Programu ya mikopo haikuwa ikiiona kamwe. Alikwenda kuvunja mlango ambao nyuma yake hapakuwa na mtu.

Namba hiyo huhifadhiwa katika sehemu ya pekee ya kumbukumbu ya simu. Katika sehemu hiyo hiyo aghalabu huhifadhiwa pia vipimo vya redio: nguvu ya kurusha mawimbi, masahihisho ya kunasa, mambo yaliyopimwa kiwandani kwa simu ile moja, siku ile ilipotengenezwa. Vipimo vya simu jirani havifai, hata kama zimetoka katika boksi moja. Programu aliyoitumia Juma iliandika pasipostahili. Simu ikazimika, ikawaka, na alipobonyeza *#06# akaona safu ya sifuri. Pembe ya juu ya kioo palikuwa na alama ya kukosa mtandao. Hakuwa amehifadhi nakala ya sehemu ile kabla ya kuigusa.

Sasa mtauliza, kama nilivyomwuliza mimi: kwa nini hakuitoa laini akaitia katika simu ya mwalimu mwenzake? Alijaribu siku ya pili. Mwalimu jirani alikuwa na kitochi kinachopokea laini kubwa, na laini yake ya kisimujanja, iliyokatwa ndogo, ilitumbukia ndani ikalazimika kutolewa kwa pini. Baada ya hapo hakujaribu tena. Mwalimu mkuu alikuwa na simu iliyofaa, lakini kumwomba kungehitaji maelezo, na kila usiku Juma aliamini kwamba kabla ya alfajiri atakuwa ameitengeneza. Hivi ndivyo zilivyopita siku tisa.

Katika siku hizo tisa nilimpigia mara kadhaa kumjulisha tarehe ya kwenda kumkagua, sikumpata, nikaandika katika daftari langu maneno makali juu ya wanachuo wa siku hizi. Katika siku hizo hizo mama yake alilazwa hospitali ya wilaya, na ndugu zake wakamtafuta. Walimtafuta kwa njia ya simu, kwa sababu hawakuijua shule, waliijua namba yake tu. Siku ya tisa mjomba wake alifika chuoni, vumbi mpaka kwenye kope, kuuliza kama kijana yu hai. Nilimpigia mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akamwita Juma kutoka darasani, akampa simu, nami nikamsikia akisema, "Naam, mwalimu," kisha akanyamaza muda mrefu.

Mama yake alipona. Nasema hivyo mapema ili msomaji asinishuku kutafuta machozi. Jioni aliyoniletea simu ndani ya leso alikuwa anatoka kumwona. Nilikuwa nimejiandaa kumkaripia. Akasema, kwa adabu, wala si kwa kulaumu: "Mwalimu, yako ilipona kwa robo saa. Nilikosea wapi?"

Nikamsimulia habari ya mwaka 2017. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Mbona darasani hukuifikisha huku?"

Muhula uliofuata niliomba vipindi viwili kwa darasa lile lile, nikawasimulia yote. Sikuigiza mtu. Halafu nilijaribu njia nyingine ya kulifundisha jambo hili, ambayo nilikwisha kuijaribu na watoto wa Darasa la Sita katika shule ya mazoezi, nami naieleza kirefu kwa kuwa ilifundisha kuliko ubao.

Niliwapa watoto jaribio fupi la Hisabati, nikawaambia waandike namba tu, bila majina. Kabla ya jaribio nilikwisha kupanga kwa siri na watoto wawili, wa kiume na wa kike, waandike wote namba 17. Niliposahihisha nikazisoma alama kwa sauti. Nilipofika 17 nikasema, "Namba 17 amepata 9 kati ya 10," na papo hapo, "Namba 17 amepata 3 kati ya 10." Darasa likanyamaza. Nikauliza, "Nimwandikie mzazi wa nani barua ya pongezi?" Mikono ikainuka. Mmoja akasema tulinganishe mwandiko. Mwingine akasema wapewe jaribio upya. Mtoto mdogo wa safu ya mbele, ambaye ndiye mwenye namba 17 halisi katika daftari la mahudhurio na hakuwa mmoja wa wale wawili, akasimama huku akikaribia kulia: "Mwalimu, na mimi je? Mimi ndiye 17 na karatasi yangu hujaisoma."

Mtoto huyo sikuwa nimempangia lolote. Nilikuwa nimemsahau. Tuliitafuta karatasi yake, nikaisoma, nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Baada ya hapo sikuhitaji kueleza sana ni nani anayeumia namba moja inapotumiwa na wengi. Mimi mwenyewe nilimfikiria kwa mara ya kwanza yule mwenye boksi alilonakili fundi. Kama namba yake ilifungiwa kwa sababu ya wizi, basi mimi nilikuwa nikitembea na jina la simu iliyoibwa. Na kama ilifungiwa kwa sababu ya wingi wetu tuliogawiwa, basi na yeye aliamka asubuhi moja na simu halali isiyo na mtandao, asijue alimkosea nani.

Wingi wenyewe si wa kubuni. Mwaka 2020 polisi wa mji wa Meerut, nchini India, walieleza kwamba walikuta simu zaidi ya 13,500 zikitumia namba tambulishi moja. Jambo lilianza na askari mmoja aliyepeleka simu yake kutengenezwa, akairudishiwa ikiwa na namba isiyolingana na ile ya boksi. Mpelelezi anayetafuta simu moja iliyotumiwa katika uhalifu, akiletewa namba ya watu elfu kumi na tatu, amtafute nani? Uingereza ilitunga sheria ya pekee juu ya kubadilisha namba hizi mwaka 2002, nayo yaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka mitano. Jirani zetu wa Kenya walizizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, miaka karibu minne kabla yetu.

Wanachuo wawili walinipinga katika kipindi kile, na hoja yao ilikuwa na uzito. Walisema mtu ana haki ya kutofuatwafuatwa na makampuni ya matangazo, na kwamba si kila anayetaka kuficha kitambulisho ni mdaiwa au mwizi. Nakubaliana nao. Nami sisemi kwamba kila anayeruti simu yake ni mhalifu. Kuruti ni jambo moja, na kuipa simu namba ya simu nyingine ni jambo jingine. Lakini haki hiyo ya faragha simu za leo zimeanza kuitimiza zenyewe. Tangu toleo la 10, simu ya Android huweza kuonyesha kila mtandao wa waifai anwani tofauti ya kubuni, na kwa kawaida hufanya hivyo bila kuombwa. Namba ya matangazo hufutwa katika mipangilio kwa vidole viwili. Mwenye kutaka faragha aanze huko, wala hatapoteza benki yake wala maandalio yake.

Neno moja juu ya vishikwambi. Vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi ile, na huenda mkakabidhiwa kimoja mtakapoajiriwa. Nimekwisha kuona kimoja kilichofanyiwa ruti na mtoto wa mwalimu kwa ajili ya mchezo. Mali ya umma ina namba zake katika daftari la mtu fulani, na siku ya ukaguzi namba iliyo ndani italinganishwa na iliyo nyuma ya kifaa.

Juma alirudia sehemu ya mazoezi yake na akafaulu. Deni alililipa kidogo kidogo. Ndugu zake walimsaidia nusu. Simu aliniachia. Mafundi wawili wameijaribu wameshindwa: mmoja alitaka kuipa namba nyingine, nikaichukua nikaondoka. Sasa imo katika kabati la zana, kati ya abakasi na kipimahewa kilichopasuka kioo. Kila mwaka, nikifika kwenye somo la tarakimu 15, huipitisha darasani. Wanachuo hubonyeza *#06#, huona zile sifuri, hujaribu kuzikokotoa kwa kanuni ya Luhn, hukuta jumla ni sifuri na kwamba kwa hesabu tupu namba hiyo ni sahihi kabisa. Huinua vichwa kunitazama. Kisha mmoja huuliza simu hii ni ya nani, nami huanza na ya kwangu.